Nguzo za Jua kwenye Mteremko wa Seme

Siku niliyorudisha kofia ya kazi na buti, vijana wa idara ya vipimo walinizunguka getini wakanitaka nihutubie. Sikuhutubia. Mkononi nilikuwa na kipande cha keki, nikakiuma. Niliwaambia nitaandika, na sasa nimekaa barazani kwangu Nyamasaria, naangalia malori ya watu wengine yakielekea kwenye miradi ya watu wengine, naandika. Ya vyeo nimeyaacha. Ya mshahara mnayajua, na ambaye hayajui atayajua mwisho wa mwezi. Nitaandika kuhusu ardhi, maana ndiyo iliyonilisha, ikanichafua, na pale Seme ikakaribia kunishinda.

Nilianza kazi ya kupima ardhi nikiwa msichana aliyetoka tu chuo cha ufundi, mtoto wa Maragoli, sijui Kiluo zaidi ya salamu. Barabara ilikuwa ikipitishwa kwenye tambarare ya Kano. Mkuu wa wapimaji aliitwa Mzee Wasonga, mtu mrefu, mwembamba, mwenye hasira za karibu na kikombe kimoja cha bati ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Asubuhi ya kwanza alinisimamisha nyuma ya mashine ya kupimia, ile ya zamani yenye miguu mitatu ya mbao.

“Unaona nini, Kageha?”

Nilichungulia. Nikaogopa kujibu, kisha nikajibu. “Naona watu wamesimama kwa vichwa.”

Vibarua wakacheka. Mimi sikujua kwamba mashine za zamani zilipindua kila kitu juu chini. Mzee Wasonga hakucheka.

“Vizuri,” akasema. “Ungeniambia wamesimama kwa miguu, ningejua hujaangalia. Endelea.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa pekee niliyopata kwake mwaka huo mzima.

Alinifundisha kwamba mvua ikianza, mwavuli ni wa mashine kwanza, wewe baadaye. Alinifundisha nisiamini kigingi kilichopigiliwa karibu na mbuzi, kwa sababu mbuzi hujikuna kwacho, wala kilicho karibu na nyumba, kwa sababu kigingi kikavu ni kuni nzuri sana. Zaidi ya yote alinifundisha udongo mweusi. Udongo wa Kano wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu unaweza kuzama. Mvua ikija, hunywa maji, huvimba, na kuinua chochote kilichosimama ndani yake. Kigingi ulichokiacha usawa wa majani, ukirudi unakikuta kimechomoza kama jino la mtoto. Mzee Wasonga alinirudisha kupima vigingi vilevile kila msimu, mpaka nikamuuliza kama ananiadhibu.

“Sikuadhibu. Ardhi nayo inafanya kazi,” akaniambia. “Sema hatujaiajiri sisi.”

Baada ya Kano nikapima mitaro, misingi ya shule, mabomba ya maji na daraja moja lililonipa malaria mara mbili. Mzee Wasonga akastaafu, akarudi kwao Nyakach, na huko ndiko tulikomzika. Nikawa mimi ndiye ninayepiga kelele kuhusu mwavuli. Mafundi wakaanza kuniita Mama Vigingi. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nipumzike waliponipeleka kwenye shamba la umeme wa jua kule Seme.

Seme ni nchi ya mawe. Ukitoka Kisumu kuelekea Maseno, kisha ukakata kushoto kuteremkia ziwani, utayaona: mawe makubwa kuliko nyumba, mengine yamebebana, mengine yamezama nusu kama viboko wakiota jua. Katikati ya mawe ni nyasi, vichaka na mbuzi. Chini kabisa, karibu na ziwa, mawe yanaisha na udongo mweusi unaanza, ndugu yake yule wa Kano. Juu huwezi kuchimba, chini huwezi kusimamisha kitu. Ndipo mtu aliyekuwa na ramani Nairobi akaamua paneli zikae hapo, kwa sababu jua la Seme halina mchezo na nyaya kubwa za umeme zilipita karibu. Kwa hilo alikuwa sahihi. Sema ramani haina mawe.

Kampuni iliyotutangulia ilikuja na tingatinga. Mpango wao ulikuwa kuusawazisha mteremko uwe kama uwanja wa mpira. Waliyasukuma mawe waliyoweza, wakakwangua nyasi zote, wakapanga safu za kwanza za nguzo kwenye udongo mtupu. Kisha masika yakafika. Maji yalishuka kutoka juu bila kitu cha kuyazuia, yakachimba bonde jipya katikati ya saiti, yakafunika njugu za watu na kuangusha kuta za vyoo viwili. Kampuni hiyo ikafunga vifaa vyake, ikaondoka.

Siku niliyofika, nguzo zilikuwa zimeinama kila upande kama watu wanaorudi kutoka matangani. Mkurugenzi wa mradi alikuwa amekuja kutoka Nairobi kuziona. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu visivyofaa mahali pale.

“Mama Kageha,” akaniambia, “nimeambiwa wewe umezeeka kwenye udongo.”

“Nimezeeka kila mahali, Bwana Mkurugenzi.”

Akacheka kidogo. “Niambie ukweli. Wenye pesa wanataka kuhamisha paneli hizi kaunti nyingine, mahali tambarare. Hapa panajengeka?”

Nyuma yetu walikuwa wamesimama watu wa pale, wale waliokodisha mashamba yao kwa mradi na wale waliokuwa wameahidiwa kazi. Niliutazama mteremko kwa muda mrefu.

“Panajengeka,” nikasema. “Lakini si hivi.”

“Vipi basi?”

“Hilo bado sijui.”

Mtu mwingine angeondoka hapo hapo. Yeye aliniletea Injinia Chebet.

Chebet alitoka upande wa Kericho. Alikuwa mfupi, na aliongea kwa sauti ya chini kiasi kwamba unalazimika kunyamaza ndipo umsikie. Nadhani alifanya makusudi. Alikuwa na umri wa binti yangu wa kwanza, na kwa siku kadhaa hatukupatana. Mimi nilitaka tuukimbie kabisa udongo mweusi, paneli zote tuzibanie juu kwenye mawe. Yeye alinipeleka juu mchana, tukasimama pale. Upepo wa ziwa ulipoanza ulinivua kofia ikaenda zake.

“Hiyo ni kofia, Mama,” akasema. “Paneli ni pana kama mlango. Tukizijaza zote huku, tutaziokota Maseno.”

Alisema kweli. Tukarudi chini, akaniuliza nimweleze udongo mweusi unavyofanya kazi, kina hadi kina. Nilimweleza yote ya Kano: kwamba ni tabaka la juu tu ndilo linalovimba na kunywea, na chini yake kuna udongo mgumu usiojali mvua. Alisikiliza, akafungua kompyuta yake juu ya boneti ya gari, akapiga hesabu mpaka chai yangu ikapoa.

“Basi nguzo ishuke mpaka kwenye ule mgumu,” akasema. “Na pale juu tuivishe bomba la plastiki. Udongo ukitaka kupanda na kushuka, upande na bomba. Tuuache ucheze, lakini usimshike mtu mkono.”

Nilimtazama. Tangu Mzee Wasonga sikuwa nimesikia mtu akiuongelea udongo hivyo, kama jirani msumbufu. Tangu siku hiyo hatukugombana tena, isipokuwa kuhusu sukari kwenye chai.

Mpango wetu ulikuwa huu. Hatutausawazisha mteremko. Tutaufuata. Kila safu itapinda pale mteremko unapopinda, na paneli zitakaa kwenye vitanda vifupi vya chuma badala ya virefu, ili kila kitanda kikae jinsi jiwe lake linavyotaka. Juu tutatoboa mwamba na kuzika nguzo kwa saruji. Chini tutavisha nguzo mabomba. Nyasi zitarudishwa kila mahali. Na maji yanayoshuka kutoka juu tutayakinga kwa mfereji wa mawe, yaongozwe pembeni mpaka kwenye silanga, bwawa ambalo ng'ombe wangeweza kunywa.

Mkurugenzi alitusikiliza, akaenda Nairobi, akarudi na jibu. Tungepewa kipande kimoja tu, kikiwa na mawe juu na udongo mweusi chini. Kikivuka mvua za vuli bila kusogea, tutajenga shamba zima. Kikisogea, paneli zitapakiwa.

Kazi ya kutoboa mwamba ilikuwa ya Barasa, fundi wa mashine kutoka Bungoma, mtu mwenye mabega mapana na kicheko kikubwa. Mashine yake ilipouma jiwe ilitoa sauti ya ajabu, ya kukoroma kisha kucheka, na vijana wa pale wakaipa jina Ondiek, yaani fisi. Asubuhi ungesikia, “Ondiek ameamka?” Na jioni, “Ondiek amekula mangapi leo?” Kuna mawe yaliyotobolewa kwa kiamshakinywa, na kuna jiwe moja lililovunja meno ya mashine mara tatu. Barasa alilizunguka, akalipiga kofi kama anayemsalimu mpinzani.

“Hili tuliache, Mama Vigingi. Tupitishe safu kando.”

“Sogeza,” nikamwambia, na nikahamisha vigingi. Ndiyo raha ya kuufuata mteremko. Jiwe likikataa, unalipisha, unapita kando.

Tulichoshindwa kukipisha ni shamba la Min Atieno, yaani mama yake Atieno.

Mfereji haukuwa na njia nyingine ila kando ya mpaka wake. Alikuwa mjane mwenye umri wa kunizidi kidogo, na maji ya masika yale ndiyo yaliyofunika njugu zake zote na kusimama hatua chache kutoka kaburi la mumewe. Asubuhi tuliyokwenda kupima tulimkuta amesimama kwenye mpaka na jembe begani.

“Nyar Maragoli,” akaniita, yaani binti wa Maragoli, maana tayari alikuwa ameuliza watu mimi ni wa wapi. “Umesimama vizuri hapo ulipo. Usisogee.”

“Habari ya asubuhi, Mama.”

“Habari ni hiyo. Wale wa kwanza walisema maji hayatafika. Wewe unakuja kusema nini?”

Chebet alitaka kumweleza kuhusu miinuko. Nikamgusa mkono. Nilimwambia Min Atieno kwamba sikuja kusema kitu, nilikuja kupima, na kama anataka tunaweza kupima pamoja. Akanitazama, akatazama mashine, akaweka jembe chini lakini karibu.

Nilimpa kijana ubao wa vipimo akausimamisha kando ya kaburi. Nikamwonyesha Min Atieno kuchungulia, nikamwonyesha namba. Kisha ubao ukapelekwa pale mfereji ungepita. Akachungulia tena, akasoma. Akaniambia turudie. Tukarudia. Akataka ubao upelekwe kwenye njugu, kwenye kibanda cha kuku, kwenye mlango wa jikoni. Tulipima boma lile lote. Nimewafundisha wanafunzi wengi wa kupima, wachache walikuwa na bidii ile.

“Kwa hivyo mfereji uko chini kuliko Baba Atieno,” akasema mwishowe.

“Uko chini kwa urefu wa mtoto wa darasa la kwanza.”

“Na maji hayapandi.”

“Hayapandi, Mama. Labda kitu kiyazibe.”

Nikaona Chebet ananiangalia kama anayesema ningeweza kuliacha hilo la mwisho. Lakini mtu aliyepima mpaka mlango wa jikoni hafichwi.

Min Atieno alifikiri. “Basi mnichimbie. Lakini kigingi hiki mkisogeze kutoka kwa mwembe wangu. Na silanga isiwe na uzio. Ng'ombe wangu hawajui kusoma ilani.”

Tukasogeza kigingi. Uzio tukaufuta kwenye ramani. Akatuita ndani tukala njugu za kuchemsha, zile chache alizookoa.

Kipande chetu kilikamilika vuli ikibisha hodi. Wiki za mwanzo mvua ilikuwa ya kunyunyiza tu, ya kututania. Kisha mchana mmoja, watu wametoka tu kula, wingu likasimama juu ya ziwa, jeusi na lenye ukingo wa kijani. Mbuzi wakakimbia nyumbani bila kuchungwa. Barasa akazima mashine, akaifunika turubai.

Mvua ilikuja na mawe yake ya barafu. Ilizipiga paneli kama mtu anayemwaga kokoto kwenye bati, na Chebet, aliyekuwa ndani ya hema nami, alifumba macho kila pigo. Paneli zilivumilia. Mawe yakaisha, yakabaki maji, na maji yale sikuwahi kuyaona Kano wala kwingine. Mteremko mzima ulikuwa unatembea. Tulitoka kwenda kuuangalia mfereji na kwanza tulishangilia, kwa sababu ulikuwa umejaa na unayabeba yote, unanguruma kuelekea silanga kama tulivyouchora.

Ndipo gogo likaja. Mti mzima ulikuwa umeng'oka huko juu. Ulishuka na mfereji, ukafika kwenye kona ya Min Atieno, ukakwama kwa mapana. Matawi yakakamata takataka, takataka zikakamata matope, na maji yakaanza kupanda mbele ya macho yetu. Upande mmoja yangemwagikia safu zetu. Upande wa pili lilikuwa boma.

“Waya wa winchi!” Barasa akapiga kelele. “Tuufunge kwenye shina, trekta ivute kutoka juu!”

“Nani atafunga?” nikauliza.

Tayari Barasa alikuwa anavua koti. Tulimfunga kamba kiunoni, tukaishika sisi watu wachache tuliokuwapo, akaingia kwenye maji yaliyomfika kifuani. Mara mbili alikaribia shina, mara mbili maji yakamrudisha. Dereva wa trekta alikuwa hajarudi kutoka kula. Nikasikia injini ikiwaka, nikageuka: ni Chebet aliyekaa kwenye usukani, amekunja mikono ya shati, anarudisha trekta kinyumenyume kwenye matope kana kwamba amezaliwa humo. Baadaye aliniambia amelelewa kwenye shamba la chai na trekta ndiyo iliyokuwa baiskeli yake.

Kamba ilikuwa inatuchuna viganja. Nilihisi miguu yangu ikiteleza, na wa mbele yangu pia. Barasa alizama, akatokea, akazama.

Kisha nikahisi uzito umepungua. Nyuma yangu mikono mingine ilikuwa imeshika kamba. Min Atieno alikuwa amekuja na majirani wote aliowakuta, wanawake kwa wanaume, wengine na majembe, wengine na magunia. Nusu walishika kamba. Nusu walijaza magunia udongo na kuyapanga kwenye ukingo ambao maji yalikuwa yameanza kuurukia.

“Mvute mtoto wa watu!” alikuwa anapiga kelele. “Msimwache! Shikeni!”

Barasa alifika kwenye shina. Alipitisha waya chini, akaukamata upande wa pili, akaufunga, akainua mkono. Tukamvuta nje kama samaki mkubwa. Chebet akakanyaga mafuta. Waya ukanyooka, ukalia. Trekta ikachimba matope, ikasimama, ikachimba tena. Gogo likageuka polepole, ncha yake ikainuka, na mfereji ukapiga mlio mmoja mzito kama mtu aliyemeza tonge kubwa. Maji yakashuka. Tuliyaangalia yakishuka, jiwe kwa jiwe, mpaka yakarudi mahali pake.

Kisha Barasa, amelala chali kwenye tope, anatetemeka, akaanza kucheka kicheko chake kile, na mtu mmoja akasema, “Huyu ndiye Ondiek mwenyewe,” na watu wote wakavunjika mbavu, kwenye mvua, wengine wamekaa kwenye matope, wengine wameshikana. Min Atieno alikuwa anacheka na kulia. Chebet alishuka kwenye trekta, nikamkumbatia.

Lakini hapo bado hatukuwa tumeshinda. Kilichotakiwa ni nguzo zisiwe zimesogea.

Asubuhi jua lilitoka safi. Nilifungua mashine, nikaifuta, nikaisimamisha kwenye jiwe nililokuwa nimelichagua kwa sababu halikuwa na mpango wa kwenda popote. Nilisoma mimi, kisha nikampisha Chebet akasoma bila kuambiwa nimepata nini. Tulianza na nguzo za juu, kwenye mwamba. Hazikuwa zimesogea hata unene wa ukucha. Tukateremka kwenye udongo mweusi. Pale niliogopa, kwa sababu niliweza kuona kwa macho kwamba ardhi imevimba. Majani yalikuwa yamepanda kuzunguka kila nguzo, mabomba ya plastiki yamesukumwa juu, yamechomoza kama shingo za kobe. Nikasoma. Nikafuta kioo, nikasoma tena.

“Umepata nini?” Chebet akanong'ona.

“Sema wewe kwanza.”

“Haijasogea.”

“Haijasogea,” nikasema. Tulikwenda nguzo hadi nguzo na hakuna hata moja iliyosogea. Udongo ulikuwa umecheza usivyowahi kucheza, na haukuwa umemshika mtu mkono.

Mkurugenzi alifika mchana. Gari lake lilikuwa limekwama huko barabarani, kwa hiyo alikuja kwa miguu, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Nilimpenda sana siku hiyo. Aliinama kwenye nguzo moja ya chini, akagusa bomba lililochomoza, akagusa nguzo iliyobaki mahali pake.

“Udongo umepanda,” akasema. “Hii mbona haijapanda?”

“Imekataa,” nikamwambia.

Akaangalia mfereji, magunia, nyayo za watu wengi kwenye matope, gogo lililolala juani. Hakuomba maelezo. Alisimama. “Jengeni yote,” akasema.

Sitawachosha na ujenzi uliofuata, ingawa nikitaka naweza kuzungumzia boliti peke yake mpaka jioni. Malori ya paneli yaliziba njia panda ya Mamboleo mpaka wauza ndizi wa pale wakatujua kwa majina. Vijana wa Seme walibeba paneli wawili wawili kupita kati ya mawe ambako hakuna gari lingepita, na hawakuvunja nyingi. Wanafunzi wa Maseno walikuja kutazama, wengine wakabaki kufanya kazi. Safu ziliongezeka, zikizunguka mawe, zikipinda na mteremko. Kutoka juu zilionekana kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye mkono mwepesi, na wanawake wa pale wakaziita hivyo, misuko. Wahandisi wageni walikuja wakauliza kwa nini safu zetu hazijanyooka. Chebet aliwajibu kwa sauti yake ya chini, “Zimenyooka. Mlima ndio umepinda.”

Siku ya kuwasha, walituwekea mahema na skrini kubwa ya kuonyesha umeme unaotoka. Wageni walikuwa wengi, hotuba zikawa ndefu. Mimi nilisimama nyuma na mafundi, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na soda baridi. Chebet alikuwa ndani ya chumba cha mitambo. Nilimwona kwenye dirisha akiinua mkono, akaushusha.

Sifuri kwenye skrini ikatikisika. Ikawa namba ndogo, ikawa kubwa kidogo, ikaanza kupanda. Kutoka kwenye transfoma ukaja mvumo mzito ambao niliusikia miguuni kabla sijausikia masikioni. Watu wakaanza kupiga makofi. Barasa alinishika bega akalibana mpaka likauma.

Kisha namba ikaanguka.

Ikaanguka nusu, ikaanguka tena. Makofi yakafa. Mkurugenzi akageuka kututafuta kwa macho, uso umemwishia damu, na mgeni mmoja akauliza kwa sauti kama imeharibika tayari. Mimi niliangalia juu. Wingu moja, jeupe, dogo, la ziwani, lilikuwa limekuja kusimama juu ya Seme, kwenye anga yote ile tupu, kana kwamba nalo limealikwa.

“Ni wingu!” nikapaza sauti. “Ni wingu tu, jamani!”

Min Atieno aliinuka kwenye kiti cha mbele alichokuwa amepewa, akaliangalia wingu lile, akalinyooshea kidole kama anayefukuza kuku kwenye mtama.

“Wuog kanyo!” akaliamuru. Ondoka hapo.

Jirani yake akainuka naye. “Wuog kanyo!” Halafu safu nzima, halafu hema zima, vijana waliobeba paneli, mafundi, wapishi, wageni waliokuja na suti zao, Mkurugenzi akiwa ameshika kipaza sauti na kusahau kwamba kimewashwa, wote wakilipigia kelele wingu moja kwa lugha ya pale, wengine hawajui hata wanasema nini. Kivuli kikaanza kusogea. Kikaiacha misuko ya juu, kikashuka polepole kwenye udongo mweusi, kikavuka silanga, kikaingia ziwani. Mteremko wote ukawaka, na namba ikapanda, ikapita pale ilipokuwa, ikaendelea kupanda, na mimi, mwanamke wa umri wangu, na kofia ya kazi kichwani, nilikuwa bado nalifokea wingu lililokwisha kwenda.